Kauboi hakuwa mpiga bastola, alikuwa mchunga ng'ombe wa mshahara (uzi mrefu kidogo)

Mchunga Maksai (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimekulia Usukumani. Kabla sijajua kuandika jina langu nilishajua kumrudisha ng'ombe aliyekengeukia shamba la mtu. Jioni, hela ya banda la video ikipatikana, tulikuwa tunabanana kwenye mabenchi kuangalia picha za makauboi: kofia pana, bastola mbili kiunoni, jambazi anadondoka kutoka ghorofani. Ilinichukua miaka mingi kujiuliza swali dogo. Jina lao lenyewe limetokana na ng'ombe, mbona ng'ombe hatuwaoni?

Nikaanza kusoma. Nilichokuta ni kazi ninayoijua.

Tuanzie Texas, Marekani, 1865. Vita ya wenyewe kwa wenyewe imekwisha, upande wa Kusini umeshindwa. Wanaume walikuwa mstari wa mbele miaka minne, huku nyuma ng'ombe wamezaliana porini bila chapa wala mwenyewe. Wanahesabiwa kwa mamilioni. Ni ng'ombe wa asili ya Kihispania, wembamba, wakali, wenye pembe ndefu. Ukimjua ng'ombe wa Ankole picha unayo, ila hawa pembe zao zinatanuka kwenda pembeni kuliko juu. Pale Texas ng'ombe ni dola 4, tena akipata mnunuzi. Huko Kaskazini, kwenye viwanda na watu wenye njaa ya nyama, anaweza kufika dola 30 hadi 40. Machinjio ya Chicago yamefungua mazizi yao makubwa Desemba 1865, yanasubiri mzigo.

Tatizo ni moja tu. Reli haijafika kwenye ng'ombe. Basi ng'ombe wakaifuata reli kwa miguu.

Mfanyabiashara mmoja wa Illinois, Joseph McCoy, alikwenda 1867 kwenye kijiji cha Abilene, Kansas, ambako reli ilikuwa inapita. Akajenga mazizi, mizani na hoteli, kisha akatuma watu kusini kutangaza kwamba kuna soko. Septemba ya mwaka huohuo treni ya kwanza ikaondoka na ng'ombe. Hadi mwaka unakwisha walishapita takriban 35,000. Njia waliyoifuata ndiyo ikaja kuitwa njia ya Chisholm, kwa jina la Jesse Chisholm, mchuuzi ambaye mama yake alikuwa Mcherokee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Kinachochekesha ni kwamba Chisholm mwenyewe hakuwahi kupeleka kundi la ng'ombe Kansas. Aliitumia kipande cha njia hiyo kwa magari yake ya biashara, akafariki 1868, biashara ndiyo kwanza inachanganya.

Sasa tupige hesabu ya mnadani. Umenunua ng'ombe 2,500 kwa dola 4: dola 10,000. Tuseme Abilene umekuta bei imelala, umeuza dola 20 tu: dola 50,000. Vijana kumi kwa dola 35 kwa mwezi, safari ya miezi mitatu: dola 1,050. Nyapara na mpishi wanapata zaidi kidogo, na chakula na farasi vina gharama zake. Hata ukijumlisha vyote, mwenye mali anarudi tajiri, na kijana anarudi na buti mpya kama hakuzinywa hela zote usiku wa kwanza.

Naendelea, msiondoke.

Naweka Kambi

Nimeshafunga hema hapa. Tiririka mkuu.

Msema Kweli wa Mtaa

Chai hii. Unataka kutuambia kule hakukuwa na risasi? Hickok, yule askari wa bastola, je? Mji wa Tombstone je?

Mchunga Maksai

Mkuu, risasi zilikuwepo, sijazikataa. Nasema zilikuwa chache kuliko za banda la video.

Kuna mwanahistoria aliyepekua rekodi za miji mitano ya ng'ombe ya Kansas: Abilene, Ellsworth, Wichita, Dodge City na Caldwell. Kuanzia 1870 hadi 1885 alipata mauaji 45. Miaka 15, miji mitano. Baadhi ya wenzake walimjia juu, wakasema miji yenyewe ilikuwa na watu wachache sana, kwa hiyo ukigawanya kwa idadi ya wakazi bado palikuwa mahali pa hatari. Nawapa haki hao pia. Lakini pambano la watu wawili kusimama katikati ya barabara saa sita mchana, hilo lilikuwa nadra kweli.

Halafu hiyo miji ilikuwa inakataza bastola! Ukiingia Dodge City au Wichita ulitakiwa uikabidhi, unapewa kibao au risiti, utaichukua ukiondoka. Wenye maduka walitaka pesa za vijana, hawakutaka maiti. Hata Tombstone unayoitaja, tarehe 26 Oktoba 1881, ugomvi ulikuwepo muda mrefu lakini siku ile uliwaka pale maofisa walipokwenda kuwanyang'anya watu silaha kwa sheria ya mji. Sekunde kama 30, watatu wakafa, imekwisha.

Na Hickok, akiwa mkuu wa polisi wa Abilene, Oktoba 1871 alimpiga risasi mcheza kamari Phil Coe, kisha akasikia mtu anakuja mbio, akageuka na kufyatua. Aliyekuwa anakuja mbio ni msaidizi wake mwenyewe, Mike Williams, anakuja kumsaidia. Kabla mwaka haujaisha mji ukamwachisha kazi.

Msema Kweli wa Mtaa

Hiyo ya msaidizi sikuijua. Nakaa kimya, endelea.

Mchunga Maksai

Sasa kazi yenyewe.

Kundi la ng'ombe 2,000 hadi 3,000, watu kumi au kumi na wawili, wengi wao vijana wa miaka chini ya 25. Kila mmoja ana farasi kadhaa wa kubadilisha, kwa sababu farasi mmoja hawezi siku nzima. Kundi linatembea limenyooka kama mto, wazoefu mbele wanaongoza, wengine ubavuni, na nyuma kabisa wanawekwa wageni wa kazi. Huko nyuma ndiko kwenye vumbi la ng'ombe 2,500, na ndama waliochoka, na ng'ombe vilema. Kitambaa kile shingoni mlichokiona kwenye picha si urembo, ni cha kufunga puani. Kwa siku wanakwenda kilomita 16 hadi 24, siyo zaidi, maana ng'ombe akikimbizwa anafika mifupa na mnunuzi analipa nyama. Kila aliyewahi kupeleka mifugo mnadani kwa mguu analijua hilo.

Usiku hawalali wote. Wanapokezana zamu za saa mbili hivi, wawili wawili, wanalizunguka kundi wakiwa juu ya farasi huku wanaimba polepole. Wimbo wowote, hata wa kanisani. Ng'ombe akisikia sauti anayoijua hashtuki na kivuli kinachopita. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana babu yangu alikuwa anawapigia ng'ombe mluzi mmoja uleule zizini kila usiku, na sisi wajukuu tuliudhani ni uzee.

Kwa sababu kilichowaua wengi kilikuwa hiki: radi inapiga, ng'ombe 2,500 wanasimama kwa mpigo mmoja na kutimka. Giza totoro, mashimo ya wanyama chini, na wewe unatakiwa umkimbize farasi uwafikie wale wa mbele, uwasukume wageuke ndani, mpaka kundi lijiviringishe lenyewe na kuchoka. Farasi akiingiza mguu shimoni, umekwisha. Kingine ni mito. Mto Red ukiwa umefura unavuka na ng'ombe wanaoogelea, na wengi wa vijana hao hawakujua kuogelea.

Mtu mkubwa kambini alikuwa mpishi. Mwaka 1866 mfugaji wa Texas, Charles Goodnight, alichukua gari la jeshi la kukokotwa, akaliwekea nyuma kabati lenye droo na mlango unaoangukia mbele ukawa meza. Jiko linalotembea. Maharage, nyama ya nguruwe yenye chumvi, mikate ya unga uliochachuka, kahawa nyeusi. Kuni hakuna kwenye nyika ile, kwa hiyo walikoka moto kwa mavi makavu ya nyati na ng'ombe. Kahawa ilikuwa ya pakiti, imeshakaangwa, na ndani ya pakiti kampuni iliweka kijiti cha pipi ya mnanaa. Mpishi anauliza nani anataka pipi, na midume yenye ndevu inagombania kusaga kahawa. Kabla hajalala, mpishi anaelekeza mti wa gari upande wa nyota ya kaskazini, ili asubuhi nyapara ajue pa kwenda hata kukiwa na mawingu.

Ufundi wenyewe hawakuuvumbua wao. Kamba ya kutega, ile saruji, kupiga chapa, hata neno rodeo (mashindano ya makauboi), vyote walijifunza kwa wachungaji wa Kimeksiko waliokuwa Texas kabla Marekani haijaichukua.

Naweka Kambi

Saruji?

Mchunga Maksai

Tandiko la farasi mkuu, tandiko! Simu hii inajisahihishia maneno ambayo sijayaandika.

Bwana Mifugo Mstaafu

Mleta uzi, umepita mbio kwenye jambo ambalo mimi ningeanzia. Kupe.

Wale ng'ombe wa Texas walipopita Kansas na Missouri walionekana wazima kabisa. Lakini ng'ombe wa wenyeji waliochunga kwenye njia ileile, wiki kadhaa baadaye walipata homa kali, wakakojoa damu, wakafa. Wakulima wakasimama barabarani na bunduki kuzuia makundi. Watu wa Texas wakasema ni uongo, ng'ombe wetu hawaumwi, watawaambukizaje wenu?

Wafugaji wangu wa zamani watakuwa wameshaelewa. Ni babesia, vijidudu vinavyopasua chembe nyekundu za damu ndiyo maana mkojo unabadilika rangi. Tusichanganye na ndigana kali, ni ugonjwa mwingine japo nao unaletwa na kupe. Ndama wa Texas walikuwa wanaambukizwa wakiwa wadogo, wanapona na kubaki na kinga, lakini wanabeba kupe. Kupe wakidondoka kwenye nyasi za Kansas, ng'ombe asiye na kinga anakwenda na maji.

Theobald Smith na F. L. Kilborne ndio waliothibitisha. Walitenganisha maboma, ng'ombe wa Kusini wenye kupe huku, ng'ombe wa Kusini waliotolewa kupe kwa mkono kule, pamoja na wa Kaskazini. Penye kupe wakafa, pasipo kupe wakabaki. Matokeo yalitoka 1893, miaka minne kabla Ronald Ross hajaona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Kuanzia 1906 serikali yao ikaanza kampeni ya majosho, ikaendelea mpaka 1943. Kila nikisikia mtu analalamika kwamba josho la kijiji linamchosha, namkumbusha hiyo miaka 37.

Mchunga Maksai

Heshima yako mzee wangu. Na niongeze: ni huyo kupe aliyeihamisha miji. Kansas ilikuwa inachora mstari, ng'ombe wa Texas wasivuke mashariki yake. Kila wakulima wakiongezeka mstari unasukumwa magharibi. Abilene ikafa kama soko baada ya 1871, zikafuata Ellsworth, Newton, Wichita, mwisho Dodge City. Mwaka 1885 Kansas ikawafungia kabisa.

Dada wa Kajiado

Kaka, umesema vijana, vijana. Vijana gani? Kwa filamu wote ni wazungu wenye macho ya bluu.

Mchunga Maksai

Dada, asante, hapa ndipo nilipotaka kufika.

Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba katika makauboi wanne, mmoja alikuwa mweusi. Wapo wanaoona idadi hiyo imezidishwa, lakini kwamba walikuwa maelfu halina ubishi. Na Wameksiko nao walikuwa wengi. Sababu ni rahisi. Kabla ya 1865 mtumwa wa Texas ndiye aliyekuwa anachunga. Alipopewa uhuru hakupewa shamba, alibaki na ujuzi wa farasi na kamba.

Bose Ikard alizaliwa mtumwa Mississippi. Baada ya vita aliajiriwa na yuleyule Goodnight wa gari la jiko, na Goodnight alikuja kusema hakuna mtu aliyemwamini kuliko yeye. Wakirudi kutoka kuuza, pesa alibeba Ikard, kwa sababu mwizi hawezi kufikiri mtu mweusi amebeba dhahabu ya kundi zima. Ubaguzi wa mwizi ukageuzwa kufuli. Ikard alifariki 1929, na Goodnight, mzee wa miaka zaidi ya 90, ndiye aliyemwekea jiwe la kaburi.

Hao walipita njia nyingine kabisa, kuelekea New Mexico kufuata mto Pecos. Kabla ya kuufikia mto kuna kama kilomita 130 bila tone la maji. Walisafiri usiku na mchana, ng'ombe ulimi nje, na waliponusa mto walikimbilia majini wakakanyagana. Mshirika wa Goodnight, Oliver Loving, alishambuliwa 1867 na Wakomanchi, kabila la wenyeji wa asili, jeraha likaoza, akafia Fort Sumner, ngome ya jeshi huko New Mexico. Kabla hajakata roho alimwomba mwenzake asimwache azikwe ugenini. Mwili wake ulirudishwa mpaka Weatherford, Texas, kwa gari la kukokotwa.

Dada wa Kajiado

Na hao Wakomanchi? Kwa filamu ni watu wa kupiga mayowe tu mlimani. Sisi huku ardhi ya malisho tunaijua habari yake.

Mchunga Maksai

Najua unapopalenga. Hili ndilo lililoniharibia usingizi.

Jiulize, Goodnight na Loving 1866 walikuwa wanampelekea nani ng'ombe Fort Sumner? Serikali. Na serikali ilikuwa inamlisha nani? Wanavajo, kabila jingine la wenyeji wa asili, zaidi ya 8,000 waliokuwa wamefungiwa pale. Jeshi lilichoma mashamba yao, likachinja kondoo wao, likakata miti yao ya matunda, kisha kuanzia 1864 likawatembeza kwa miguu mamia ya kilomita mpaka kwenye kambi ambayo haikuweza kuotesha chakula cha kuwatosha. Wafugaji wa kondoo wamenyang'anywa kondoo, halafu mfugaji mwingine anatajirika kwa kuiuzia serikali nyama ya kuwalisha. Waliruhusiwa kurudi kwao 1868.

Wakomanchi yao ilikuja baadaye. Septemba 1874 Kanali Mackenzie aliwavamia kwenye bonde la Palo Duro, kaskazini ya Texas. Waliouawa siku ile hawakuwa wengi. Lakini aliteka farasi kama 1,400, akaamuru zaidi ya 1,000 wapigwe risasi. Wakati huohuo wawindaji wa ngozi walikuwa wanammaliza nyati. Bila farasi, bila nyati, baridi inakuja. Mwaka uliofuata kundi la mwisho likajisalimisha.

Na mwaka 1876, nani alishusha ng'ombe wake ndani ya bonde lilelile la Palo Duro? Goodnight. Miaka miwili tu.

Huyu mtu nimemsifu hapo juu kwa gari la jiko na kwa jiwe la kaburi, na sifuti. Ni yuleyule.

Mpwani

Niwaongezee la kwetu. Hiyo vita yao ya 1861 hadi 1865 ilitufikia mpaka madukani Unguja. Merikani, kile kitambaa ambacho misafara ilikuwa inakwenda nacho bara kama fedha, kilitoka viwanda vya Massachusetts, na pamba ilitoka Kusini kwa watumwa. Pamba ilipokatika, merikani ikaadimika na vitambaa vya Uingereza na baadaye Bombay vikaingia mahali pake. Kwa hiyo Mnyamwezi aliyebeba mzigo kutoka Bagamoyo na kauboi wa Texas walikuwa vibarua wa zama moja, na kamba moja iliwagusa wote wawili.

Mchunga Maksai

Mpwani, hapo umenipa nondo. Nakubali.

Mwisho wa kazi ulikuja kwa haraka. Mwaka 1874 mkulima wa Illinois, Joseph Glidden, alipata hakimiliki ya seng'enge yake. Nyika ambayo haikuwa na mti wa kujengea uzio sasa ilizungushiwa nyaya kwa bei ya kawaida. Maji ya wote yakawa ya mtu. Reli nazo zikafika Texas zenyewe, kwa nini ng'ombe atembee? Kisha ukaja msimu wa baridi wa 1886 na 1887. Malisho yalishaliwa kupita kiasi, kiangazi kilikuwa kikavu, na theluji ikaganda juu ya nyasi kidogo zilizobaki. Ng'ombe walisukumwa na upepo mpaka kwenye uzio wa seng'enge, wakafia hapo wamerundikana. Huko Montana kijana mchungaji, Charles Russell, tajiri alipotaka taarifa ya kundi, alimtumia kadi ndogo aliyoichora: ng'ombe mmoja, mbavu zote nje, amesimama kwenye theluji, mbwa mwitu wanasubiri. Baadaye akawa mchoraji mashuhuri.

Naweka Kambi

Wanawake hawakuwepo?

Mchunga Maksai

Walikuwepo. Margaret Borland, mjane wa Victoria, Texas, mwaka 1873 alipeleka kundi lake mwenyewe mpaka Wichita, akiwa na watoto wake na mjukuu garini. Alifika. Ila homa ilimpata hukohuko, akafariki Julai kabla hajarudi. Na Montana kulikuwa na Mary Fields, aliyezaliwa mtumwa, ambaye 1895, akiwa na umri wa miaka 60 na ushee, alipata mkataba wa kupeleka barua kwa gari la farasi. Theluji ikizidi gari, anaweka mfuko begani anatembea.

Niwaachie mmoja wa mwisho, huyu ndiye ninayempenda. George McJunkin, alizaliwa mtumwa Texas, akawa msimamizi wa ranchi karibu na Folsom, New Mexico. Kusoma alifundishwa na watoto wa tajiri mmoja, yeye akiwalipa kwa kuwafundisha kuzoeza farasi. Agosti 1908 mafuriko makubwa yalipita. Baadaye akiwa anakagua uzio akaona korongo limechimbika, na chini kabisa mifupa inachungulia. Mwingine angepita. Yeye aliitazama akaona ni ya nyati, lakini mikubwa kuliko ya nyati yeyote aliyewahi kumwona, na imelala chini mno kuwa ya juzi. Akawa anawaambia watu miaka nenda rudi, hakuna mtaalamu aliyekwenda. Alifariki 1922. Wachimbaji walianza 1926, na mwaka uliofuata wakakuta ncha ya mkuki wa jiwe imenasa katikati ya mbavu. Wataalamu walikuwa wanasema binadamu Marekani ni wa miaka elfu chache tu. Pale ikabidi warudi nyuma hadi zaidi ya miaka 10,000.

Bwana Mifugo Mstaafu

Mchungaji anayejua mifupa. Sishangai hata kidogo, anayewatazama ng'ombe kila siku lazima aone ambaye si wa kundi.

Msema Kweli wa Mtaa

Mkuu, na Bass Reeves umemruka. Yule askari mweusi aliyemkamata hadi mwanawe mwenyewe.

Mchunga Maksai

Sijamruka. Yule hakujua kusoma, alisomewa hati za kukamata watu akazishika kichwani, na kazi hiyo aliifanya miaka zaidi ya 30. Hawezi kubanwa kwenye aya moja, nitamfungulia uzi wake. Sasa hivi jua limeelemea, naenda kunywesha.